Ukurasa wa Mwisho, Ghorofa ya Kumi na Mbili

Nyinyi mliojazana kitandani kwangu siku ya kufungua shule mkitaka kujua Kanada kukoje, nami nikajibu "Kuna baridi" halafu nikajifanya natafuta soksi, niwieni radhi. Mnanijua. Mbele ya watu wanne ulimi wangu hugeuka kipande cha mbao. Lakini karatasi hainitazami usoni, kwa hiyo nitasema yote, hata yale ambayo Shangazi angependa niyaruke. Mambo ya viza na tiketi siyagusi. Yalikula miezi na hayana utamu. Naanzia stesheni.

Voi hadi Nairobi

Shangazi Wakesho ni dada mkubwa wa baba yangu, na kazi yake ni kuwajua Wayahudi. Hivyo ndivyo mtaani wanavyosema. Yeye mwenyewe husema ni mtaalamu wa sheria za kale za Kiyahudi, hasa sheria za Sabato, lakini ukisema hivyo pale Voi mtu hubaki anakusubiri, kana kwamba hujamaliza kujitambulisha.

Alianza kama mwalimu wa dini katika shule ya msingi huko Wundanyi. Kanisa likampeleka chuo cha theolojia Limuru ili arudi shemasi. Akarudi na Kiebrania. Huko Limuru alimkuta Mwalimu Zalman, Myahudi kutoka Toronto aliyekuja kufundisha kwa miaka mitatu. Kwa desturi yao, vitabu vya sheria havisomwi na mtu mmoja. Lazima uwe na mwenzako wa kubishana naye, kwa sauti, mstari kwa mstari. Wanafunzi wengine walimkubalia Mwalimu kila alichosema, kwa zile adabu zetu tulizolelewa nazo, na maskini wa Mungu akawa anakonda kwa upweke. Siku moja Shangazi akanyoosha mkono akamwambia, "Hapana, hapo umekosea." Mwalimu alifurahi karibu alie. Toka hapo akawa ndiye mwenzake.

Aliporudi kwao wakaendelea kwa simu, kila Alhamisi jioni, tangu kabla mimi sijazaliwa. Mwalimu anasoma mstari, Shangazi anautafsiri kwa Kiswahili, kisha wanagombana. Kiswahili ni sharti la Mwalimu. Alidai kwamba jambo usiloweza kumweleza mama yako jikoni, bado hujalielewa.

Na elimu hiyo yote imemfikisha Shangazi wapi? Chuo kimempa ofisi ambayo pia ni stoo ya majoho ya kwaya. Profesa hawajamfanya, maana wanasema hakuna mtu nchini wa kuamua kama anayoyasema ni kweli. Alipohubiri kwamba Mafarisayo walikuwa watu wa kawaida waliopenda mjadala, mzee mmoja wa kanisa alisimama akamwita Farisayo mbele ya watu wote. Shangazi akasema, "Asante sana, mzee wangu." Majirani humletea mafuta ya kupikia ayaombee kwa Kiebrania. Vita vikizuka upande wa kule Israeli, wanakuja kumuuliza vitaisha lini, na akijibu hajui, wanaondoka wakinong'ona kwamba amekatazwa kusema.

Sasa yeye na Mwalimu walikuwa wamebakiza ukurasa mmoja. Ukurasa mmoja wa kitabu walichokisoma maisha yangu yote na zaidi. Lakini masikio ya Mwalimu yamekwisha, kwenye simu hasikii tena, na kumbukumbu zake zinakuja na kukatika kama stima ya kwetu. Binti yake, Miriam, aliandika kwamba anamhamishia Australia anakoishi yeye, wataondoka Jumapili, na kwamba kuna siku baba yake hamjui mtu. Shangazi alisoma ujumbe ule mara mbili, akavua miwani, akasema, "Tunakwenda." Mimi nilichukuliwa kwa sababu ilikuwa likizo, kwa sababu yeye haoni vizuri gizani, na, kwa maneno yake mwenyewe, kwa sababu "huyu mtoto hanipigii kelele."

Ndani ya treni alifungua kitabu chake kikubwa. Bwana aliyekaa mbele yetu aliziangalia zile herufi kwa hofu.

"Mama, hiyo ndiyo lugha ya malaika?"

"Ya mawakili," Shangazi akajibu, akageuza ukurasa.

Nairobi hadi katikati ya njia

Kwenye ndege Shangazi alikuwa ameagiza chakula cha Kiyahudi. Si kwamba amebadili dini. Alisema ni utafiti. Basi wahudumu wakamletea yeye kwanza, kabla ya watu wote, boksi lililofungwa kwa nailoni mara tatu. Alipambana nalo kwa meno. Mwishowe likafunguka, na ndani mlikuwa na kuku baridi na mkate mdogo mgumu kama kokoto. Sisi wengine tulipewa wali wa moto na mchuzi.

"Kikoje?" nilimwuliza.

"Kinafundisha," alisema.

Mwanamume wa kiti cha dirishani alimwona, akamwinamia kwa heshima kubwa. "Samahani mama, wewe ni Mwisraeli?" Mtu yule hakujua alichokifungua. Shangazi alimweleza tofauti ya Mwisraeli, Myahudi na Mwebrania, akaingia historia, akatoka, akaingia tena. Tulipokuwa juu ya Sudani yule bwana alijifunika blanketi mpaka kichwani. Hakukuwa na baridi.

Tulipaswa kubadili ndege na kufika Toronto Alhamisi. Lakini mji wa kubadilishia ulitukaribisha kwa tangazo kwamba Toronto kuna theluji, ndege haiendi. Tukalala kwenye viti vya chuma. Mama mmoja Mkongo aliyekuwa anasafiri na wajukuu alitugawia mihogo ya kuchemsha kutoka kwenye kopo la maziwa, akatuombea kwa Kiswahili cha Bukavu, kirefu na kitamu. Namshukuru mpaka leo. Ile mihogo ilikuwa chakula bora cha safari nzima, na nimekula kwingi.

Nilikuwa na wasiwasi. "Shangazi, tutafika Ijumaa. Si Sabato inaingia Ijumaa?"

"Inaingia jua likizama."

"Sasa?"

"Sasa jua linazama saa kumi na mbili na nusu. Tukifika adhuhuri, tunao mchana mzima. Tunasoma, tunamaliza, tunaaga, Mwalimu anawasha mishumaa yake."

Alisema hivyo bila hata kuinua macho. Na nani angembishia? Kule kwetu jua linazama saa kumi na mbili na nusu Januari, linazama saa kumi na mbili na nusu Julai. Hakuna mtu Voi aliyewahi kumwuliza mwenzake jua litazama lini.

Uwanja wa ndege hadi Scarborough

Tulifika Ijumaa adhuhuri kweli, bila sanduku la Shangazi, lililobaki kwenye ule mji wa viti vya chuma. Ndani yake mlikuwa na kile kitabu kikubwa, kwa sababu alikuwa amechoka kukibeba.

Ofisa wa uhamiaji alikuwa kijana mwenye ndevu nadhifu. Nitaandika maneno yao kwa Kiswahili.

"Mmekuja kwa shughuli gani?"

"Kumaliza ukurasa."

"Ukurasa wa nini?"

"Wa kitabu cha rafiki yangu. Tumebakiza mmoja."

Kijana akatazama skrini yake kana kwamba ingemsaidia. "Na shughuli hiyo itachukua muda gani?"

"Inategemea," alisema Shangazi kwa ukweli wote. "Tukikubaliana, saa moja. Lakini hatujawahi kukubaliana."

Tulipelekwa chumba cha pembeni. Tulikaa humo mpaka nikajua rangi za viatu vya watu wote. Mwishowe alikuja mama mmoja mkubwa wa kazi, akasikiliza habari yote toka Limuru, akagonga muhuri huku akisema kwamba hata yeye ana rafiki wa namna hiyo.

Nje alikuwa anatungoja Baba Daudi, binamu wa Shangazi, amevaa koti kubwa mpaka anafanana na godoro lililosimama. Yeye anafanya kazi katika ghala, mkewe ni muuguzi, wanakaa Scarborough, upande wa Agincourt. Barabara kuu ilikuwa imejaa magari yanayotambaa kwenye theluji. Tulipofika mahali fulani akanyoosha kidole.

"Mnaona hiyo njia ya kutokea? Hiyo ndiyo Bathurst. Mzee wenu anakaa huko huko, mbele kidogo."

"Basi si utushushe," alisema Shangazi.

Baba Daudi alicheka kama amesikia mzaha. "Niwashushe na njaa? Dada, Mama Daudi amepika toka alfajiri. Nikifika bila nyinyi nitalala ghalani."

Nataka mlielewe hilo vizuri. Tulipita mlangoni pa mtu tuliyevuka dunia kumwona, tukaenda mbele mwendo mrefu, ili tule kwanza, halafu turudi. Na hakuna hata mmoja wetu ndani ya gari aliyeona ajabu. Hata mimi niliona ni sawa. Utaendaje kwa mtu na njaa?

Mama Daudi alikuwa ametandika chapati, mbuzi wa kukaanga, sukuma, wali wa nazi na soda. Na mezani, tayari amefunga kitambaa shingoni, alikuwa amekaa Mchungaji wao. Kanisa lao limepanga ukumbi kwenye safu ya maduka, katikati ya saluni ya kucha na ofisi ya wahasibu, na alikuwa amesikia kwamba anakuja mama msomi wa mambo ya Israeli. Juu ya koti lake la baridi alikuwa amevaa shali ya sala ya Kiyahudi, na mkononi ana pembe ya kondoo dume aliyoinunua mtandaoni.

"Daktari," alisema, akimpa ile pembe kwa mikono miwili, "tupulizie. Pale ukumbini kuna nguvu zinatupinga. Mwenye jengo kakataa kutupa maegesho."

"Mchungaji, mimi ni mtaalamu. Mimi si tarumbeta."

"Lakini wewe umekula na Waisraeli!"

"Nimekula na mmoja. Alipenda dagaa wa kopo."

Mchungaji aliandika hilo la dagaa kwenye simu yake. Naamini kuna mahubiri yametoka humo. Kisha akaomba maombi ya chakula, na maombi yale yalizunguka Yeriko mara saba huku mchuzi unapoa. Daudi, mtoto wao wa miaka kumi na minne, alinitazama akanong'ona kwa Kiingereza kwamba leo ni mafupi.

Nilikuwa nimekaa karibu na dirisha. Kule nje theluji ilianza kugeuka kijivu, halafu rangi ya majivu yenyewe.

"Shangazi," nilisema, "giza linaingia."

"Ni mawingu, mwanangu."

"Ni mawingu," alikubali Baba Daudi, ambaye huingia ghalani kabla hakujacha na kutoka kumekuchwa. "Ni mawingu kabisa," alisema Mama Daudi, ambaye hufanya kazi usiku, na mchana hulala amefunga mapazia. Watu hawa wamekaa Toronto miaka mingi, na nyumba nzima hakuna aliyekuwa na habari na jua.

Agincourt hadi Bathurst kwa basi

Baba Daudi, aliyebadilisha zamu ili atupokee, na mkewe ilibidi waende kazini, kwa hiyo Daudi alitupeleka kituo cha basi la Finch, akatuonyesha kwa vidole mahali pa kushuka na kubadilisha. Shangazi alikuwa amebebeshwa furushi la mbuzi na chapati ndani ya karatasi za foili. Alikuwa amejitetea. Alimweleza Mama Daudi kwamba nyumba ile ina sheria zake, nyama ya mbuzi huyu haiwezi hata kuvuka mlango. Mama Daudi alimsikiliza mpaka mwisho, kwa upole, halafu akamwekea furushi mkononi. "Sawa, dada. Lakini mikono mitupu huendi."

Ndani ya basi taa zilikuwa zinawaka. Nje taa za maduka nazo zilikuwa zinawaka. Shangazi alikaa ameshika furushi, ametabasamu, anarudia rudia jambo midomoni. Mbele yetu mama mmoja mzee wa Kihindi, na kilemba cha sufu na mfuko wa mboga, aligeuka.

"Nyinyi natoka Kenya? Mimi nazaliwa Kisumu! Mama yangu alikuwa na duka pale karibu na soko." Jina lake Bi Shirin. Alikuwa ametoka kwa dada yake, anarudi Thorncliffe Park. Alitushika mikono kama jamaa zake waliopotea, akamwuliza Shangazi kama mandazi ya Kisumu bado ni makubwa. "Na sasa nakwenda wapi na baridi hii?"

"Kwa rafiki yangu, Bathurst. Tunataka kufika kabla jua halijazama."

Bi Shirin alitazama dirishani. Akanitazama mimi. Kisha akamtazama Shangazi kwa huruma kubwa, kama daktari mwenye majibu.

"Jua gani, dada?"

"La leo."

"La leo nakwenda zamani! Hapa Desemba jua iko kama karani wa serikali. Nachelewa kuja, halafu narudi kwake mapema."

Shangazi aliinama akafuta ukungu kwenye kioo kwa mkono wa sweta. Nje kulikuwa na usiku. Usiku kamili, mweusi, na theluji inashuka kwenye taa. Wala haikuwa imefika saa kumi na moja.

Sijawahi kumwona vile. Mtu huyu ameandika kitabu kizima juu ya dakika ambayo jua linazama Ijumaa. Anajua walichosema walimu wa kale kuhusu nyota ya kwanza na nyota ya tatu. Kwamba kaskazini mchana wa baridi ni mfupi alilijua pia, kama anavyojua kwamba baharini kuna nyangumi.

"Turudi?" nilimwuliza. "Hawatapokea simu siku ya Sabato, si ndiyo?"

"Hawatapokea."

Bi Shirin aliposhuka alimbusu Shangazi kichwani, akatuachia machungwa mawili. Shangazi alikuwa bado ametazama kioo. Vituo viwili mbele ndipo aliposema, kama mtu anayejitolea hukumu mahakamani: "Kupanda basi mimi ninaruhusiwa. Mimi ni Mtaita." Akanyoosha mgongo. Tukaendelea.

Chini hadi ghorofa ya kumi na mbili

Mlango wa jengo ulikuwa umefungwa, na kulikuwa na kengele ya kubonyeza ambayo Shangazi alinikataza kuigusa, kwa kuwa ni ya umeme na umeme hauguswi siku ya Sabato. Tulisimama kwenye theluji tukipiga miguu. Baada ya muda ikaja familia kwa miguu, baba na koti refu jeusi, watoto nyuma yake kama vifaranga, na mlinzi wa ndani akawafungulia. Tukaingia mkiani.

Kisha lifti. Ilikuja bila kuitwa, tukaingia. Ilifunga mlango yenyewe, ikapanda ghorofa moja, ikasimama, ikafungua mlango. Hakuna mtu. Ikafunga. Ikapanda moja nyingine. Ikafungua. Hakuna mtu. Nikamshika Shangazi sweta. "Imeharibika! Tushuke!"

Lakini yeye uso wake ulikuwa umewaka kama mtoto aliyepewa pikipiki. "Mghoi! Ni lifti ya Sabato! Inasimama kila ghorofa ili mtu asibonyeze! Nimeiandika, tanbihi nzima, na sijawahi kuiona!" Kila mlango ulipofunguka alipiga kofi dogo. Mimi nilihesabu ghorofa. Tulifika kumi na mbili tukiwa, kwa hesabu yangu, tumesafiri zaidi ndani ya kile kisanduku kuliko kutoka Nairobi.

Furushi la mbuzi aliliegemeza ukutani kwenye korido. Akagonga kwa mkono.

Ukurasa

Miriam alikuwa mama wa makamo mwenye macho ya mtu asiyelala. Hakutufokea. Alitwambia karibuni, Sabato njema, tukae, tule.

"Tumechelewa," alisema Shangazi.

"Mmechelewa. Na leo ana siku mbaya."

Mwalimu alikuwa kichwani mwa meza, mdogo ndani ya shati jeupe, mishumaa miwili mbele yake. Shangazi alimwinamia sikioni akamtajia jina lake kwa sauti. Mwalimu alitikisa kichwa kwa adabu, vile mtu anavyomtikisia kichwa mchuuzi asiye na haja naye. "Sabato njema, bibi," alisema kwa Kiingereza. "Umetoka mbali?"

"Mbali," alisema Shangazi.

"Kitabu nilikiacha nje mpaka wakati wa mishumaa," Miriam alisema. "Halafu nikafikiri hamji tena. Lori linakuja kesho usiku Sabato ikitoka. Kipo kwenye moja ya yale."

Yale yalikuwa maboksi yaliyopangwa mpaka dirishani, yote yamefungwa kwa utepe wa gundi, yote yameandikwa kitu kimoja: VYA BABA. Kukata utepe ni kazi, na kazi leo hairuhusiwi. Wala mwenyeji haruhusiwi kumtuma mgeni asiye Myahudi amfanyie. Ukurasa wenyewe Shangazi alikuwa nao kwenye simu, lakini simu ilikuwa imezimwa mfukoni, na nilijua hataitoa katika nyumba ile hata ukimpa ng'ombe.

Aliketi. Akala kijiko kimoja cha supu. Akasimama.

"Miriam," alisema, "mgeni akiwasha taa kwa haja yake mwenyewe, mwenyeji anaruhusiwa kunufaika na mwanga wake. Ndiyo au siyo?"

"Ndiyo, lakini..."

"Mimi nina haja ya kitabu. Haja yangu. Hakuna aliyenituma."

Akachana boksi la kwanza. Mlikuwa na sufuria. La pili mlikuwa na masweta na redio. La tatu, sufuria tena.

"Daktari Wakesho, tafadhali," alisema Miriam.

"Hizi sufuria nilikuwa na haja ya kuziona," alisema Shangazi, akachana la nne.

Hapo mzee aliinua kichwa kutoka kwenye supu yake. Akatazama mwanamke aliyezama mpaka mabegani ndani ya boksi, na akafoka, si kwa Kiingereza, bali kwa Kiswahili cha jikoni Limuru: "Wewe mama! Nini wewe natafuta siku ya Sabato?"

Shangazi hakugeuka. Alijibu kwa ile sauti ya kumwita mtu ng'ambo ya bonde.

"Sitafuti, Mwalimu! Najishughulisha tu!"

Hapa ni lazima niwaambie ukurasa wenyewe una nini, maana Miriam alinieleza baadaye wakati tunaosha mikono. Ukurasa wa mwisho unahusu kupima vitu siku ya Sabato, jambo lisilofaa. Na karibu na mwisho kabisa kuna bwana mmoja mkubwa, mwenye cheo, aliyekutwa amekaa ndani ya beseni la maji, anapima lile beseni. Akaulizwa, wewe, unapima siku ya Sabato? Akajibu kwamba hapimi, anajishughulisha tu. Ndivyo kitabu chote kile kinavyokaribia kwisha, mtu na cheo chake, amelowa, anajitetea.

Mwalimu aliweka kijiko chini. Kitu kilipita usoni pake polepole, kutoka paji la uso mpaka kidevuni.

"Ndani ya beseni," alisema.

"Ndani ya beseni," alisema Shangazi, bado ameinama.

Mzee alipiga meza mpaka mishumaa ikacheza. "Wakesho! Wewe umechelewa!"

"Jua lenu limewahi!"

"Jua hakosi! Nani amekosa?"

"Mimi."

"Kwa hiyo unakubali?"

"Hili moja tu, Mwalimu. Usizoee."

Akavuta kiti chake mpaka goti lake likagusa la mzee. Bila kitabu, Mwalimu akaanza ukurasa toka juu, kwa ile lugha yao ya kale, macho amefumba. Miriam aliniambia asubuhi ile mzee alikuwa amesahau jina la barabara yao. Lakini huu aliusema kama mtu anayeshuka ngazi za nyumba yake. Mstari mmoja yeye, mstari mmoja Shangazi kwa Kiswahili. Mahali alipokwama Mwalimu, Shangazi alimsukuma, na mahali Shangazi alipokwama, Mwalimu alimzomea. Walipofika kwenye beseni wakagombana kweli. Shangazi alisema yule bwana mkubwa alikuwa anadanganya, ni kama wakubwa wote wakikutwa. Mwalimu alisema hapana, mkono unaweza kupima wakati moyo haupimi. Walifokeana mpaka Miriam akaenda kuhakikisha mlango umefungwa, na alipogeuka niliona analia na kucheka.

"Na huyu nyamaza-nyamaza," Mwalimu alisema ghafla, kidole kimenielekea mimi, "yeye ni upande gani?"

Nilitamani kuingia kwenye boksi la sufuria. Wote watatu walikuwa wananitazama. "Labda," nilisema, "alikuwa anaona aibu tu. Amekutwa anaoga."

Mwalimu akacheka mpaka akakohoa. "Haiko kitabuni hii! Hakuna mtu amesema hii! Leta kiti, kaa hapa karibu!" Nikakaa karibu. Wakabishana juu ya hoja yangu ya aibu kwa muda mrefu, na Shangazi akabaki upande wake mwenyewe, si wangu.

Halafu ikaja mistari iliyobaki, michache, na ikaisha. Walibaki wameketi, kama watu waliofika kituoni na hawajui kama washuke.

Wayahudi wana desturi kwamba kitabu ukikimaliza unakiaga. Unakisemesha kama jamaa, unakiahidi kwamba utakirudia, unakiomba nacho kikurudie, na kwamba nyinyi wawili msisahauliane, hapa wala huko tuendako. Mwalimu alisimama kwa kushika meza. Akatafuta kitabu kwa macho. Hakikuwepo, na hakuna aliyejua kimo wapi. Basi akayageukia maboksi yote, ya vitabu na ya masweta na ya sufuria, akayaaga yote pamoja, polepole, neno kwa neno. Aliyaomba yasimsahau.

Shangazi, kama kila Alhamisi, alitafsiri kila neno kwa Kiswahili, bila kukosea hata moja. Lakini yeye hakuwa anayatazama maboksi.